Picha ya Njambi Bungeni

Waruguru uko? Fungua Bunge live kwa simu. Ama wacha, usifungue.

Mbunge wetu amemuuliza Waziri mbona maternity, wodi ya kujifungulia ya hapa Gitothua, haijafunguliwa. Waziri akasema inafanya kazi tangu mwaka jana. Inafanya kazi! Akaonyesha picha.

Ngai, ni Njambi! Dadangu, na tumbo lake, amekaa kwa kitanda. Ile siku watu wa Wizara waliita wenye mimba wapigwe picha hapo, halafu vitanda vikabebwa na lori jioni.

Si tulimzika Njambi? Si alifia njiani, pale Witeithie, tukimkimbiza Thika kujifungua?

Mbunge akasema, "Nimeridhika, Bwana Spika." Ati ameridhika.

Mathe, mama yetu, hajalia. Ameniambia tu nirudishe video nyuma, amwone tena akitabasamu.