Barua ya Droo ya Direkta

Kindu, Kasuku, tarehe 9 Oktoba

Kaka Édouard,

Mihogo uliyotuma toka Pangi ilifika, watoto wanashukuru. Mimi sasa njo direkta wa shule yetu, ile ulikofundisha wakati wa vita. Tangu niache kufundisha niingie ofisini, walimu wananyamaza nikiingia. Mama Jeannette wa darasa la tatu hata salamu hanipi. Nilidhani ni wivu.

Siku ya kukabidhiana ofisi, direkta muzee alinipa ufunguo wa droo akisema, "Hii, fungua ukiwa peke yako." Ndani iko barua isiyo na jina la mwandishi. Aliniambia askari waliisahau mezani pake siku walipomchukua Mwalimu Paulin, bwana wa Jeannette, mbele ya wanafunzi wake. Inasema Paulin anapelekea adui habari. Paulin hakurudi, unajua.

Mwandiko ni mzuri, kaka. Herufi g ina mkia mrefu uliokunjwa, kama ile uliyonifundisha nikiwa mutoto, ukinishika mkono. Pengine wengi wanaandika hivyo. Jeannette naye, sijui ameona nini.

Nijibu upesi. Lakini usipige simu. Andika kwa mkono wako.

Mdogo wako,
Gisèle