Mama Aline, Mara Kumi Bila Kushindwa

Ni mwaka mmoja leo, Ernestine, tangu meza yako ya samaki ilipokaa siku nzima imefunikwa, na wateja wakapita wakiuliza, "Mama Aline iko wapi?" Mwaka umetimia na bado wapo wanaouliza, maana watu wa milimani hushuka Uvira mara moja moja, na habari haipandi mlima haraka.

Familia ilikaa, ikakubaliana kaka yako Antoine ashike kalamu. Cyprien mume wako alisema yeye akianza atalia kabla ya mstari wa pili. Watoto wakasema wao wataandika Kifaransa kingi. Ikabaki Antoine, na shule yake unaijua: darasa la pili Makobola, la tatu Baraka, nusu ya la nne huko Kigoma, mengine yote kwenye boti na kwenye machimbo. Zamani alipokutumia barua uliisahihisha kwa mkaa na kumrudishia. Hii itabaki na makosa yake.

Ulikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu na kuwachekesha. Karatasi ya kufungia samaki hukuitumia kabla ya kuisoma. Iwe gazeti la zamani, iwe mtihani wa mtoto wa mtu, iwe tangazo la kanisa, ulisoma mpaka chini. Mteja amesimama juani, mkono ameunyoosha.

"Mama, samaki yangu!"

"Ngoja, sijafika mwisho."

"Nitaifika mwisho nyumbani, unipe tu!"

"Utaifika na mafuta juu yake, hautaona kitu."

Neno usilolijua uliliandika kwa mkaa ukutani, pale unapokaushia samaki, na jioni ukawauliza watoto. Ukuta ule upo. Cyprien amekataa usipakwe rangi. Tulipompelekea chokaa siku ya kusafisha nyumba kwa ajili ya leo, aliiweka chini ya kitanda akatoka.

Tena ulikuwa na mkono, Ernestine. Samaki wako, mikebuka, uliwapanga mafungu ya tano tano, na juu ya kila fungu ukaweka wa sita wa bure, matabishi, kabla mteja hajafungua kinywa. Wengine sokoni mpaka uwabembeleze ndipo wakutupie kasamaki kalikovunjika shingo. Wewe mkono ulikwenda wenyewe. Aliyefiwa alipata wawili, na hukumwambia kwa nini.

Kwenye kipindi cha televisheni cha *Herufi na Hesabu* hukujipeleka. Aline binti yako alikuandikisha kwa siri, akakuambia siku mbili kabla. Watu wote wa ufuo huu wanakijua kipindi hicho, kila Jumamosi jioni, zaidi ya miaka kumi na tano sasa: washindani wawili, meza moja, vibao vya herufi ambavyo unatunga navyo neno refu kuliko la mwenzako, kisha vibao sita vya namba ambavyo unavijumlisha na kuvizidisha mpaka ufikie namba inayotajwa. Anayefikia kamili anachukua pointi kumi. Mshindi anarudi wiki inayofuata. Akishinda mara kumi bila kuangushwa anaitwa Asiyeshindwa, picha yake inatundikwa ukutani pale studio, na harudi tena. Ni watatu tu walikuwa wamefika huko: padri mmoja, mwanamke wa duka la dawa, na karani wa mahakama. Muuza samaki hakuwahi kuwepo.

Mara ya kwanza ulikutana na kijana mwenye tai, anafanya kazi ofisini. Alipokaa akavuta hewa, akamwambia mtangazaji Toussaint, "Leo studio inanuka soko."

Ukamjibu bila hata kumtazama, "Harufu inatangulia, baba. Pointi iko nyuma, inakuja."

Zikaja. Ukamwacha mbali, na ulipotoka ukamwalika mezani kwako. Alikuja, tena na mke wake. Wakapewa sita kama kila mtu.

Ya pili ulimshinda mkulima wa mpunga kutoka Bwegera aliyehesabu kwa kasi mpaka watu wakadhani ana mashine kifuani. Ya tatu ndiyo iliyokupa jina. Toussaint alitaja mia nne ishirini na tano. Ukaipata kamili, kila mtu akaiona. Kibao kimoja kilikuwa kimebaki mezani, cha namba moja, na sheria haikulazimishi kuvimaliza. Lakini mkono wako ulikiona kimelala peke yake, ukakiokota, ukakiweka juu.

"Mama," Toussaint akasema, "tumeomba mia nne ishirini na tano. Hii ni ishirini na sita."

Ukatazama. Ukashika kichwa. "Ile moja ni matabishi."

Toussaint alicheka mpaka akageuka upande wa ukuta. Pointi zilikwenda, ukalazimika kuokoa mchezo kwa neno la mwisho. Kuanzia siku hiyo mtaa wetu wote wa Rugenge wakakuita Mama Matabishi, na watoto wakipita mlangoni wakapiga kelele, "Ongeza moja!" Hukukasirika. Ulisema muuza samaki mwingine yeyote angefanya vile vile, na hayo ni kweli.

Ukashinda ya nne, ya tano, mpaka ya tisa. Cyprien alibeba betri ya pikipiki kila Ijumaa kwenda kuichaji, ili umeme ukikatika Jumamosi watu wasikose. Uwanja wetu ulijaa viti vya jirani mpaka kuku wakahamia kwa wengine.

Ndipo likatajwa jina la atakayecheza nawe ya kumi. Mwalimu Habonimana.

Wasiomjua wajue. Mwalimu Habonimana ndiye aliyekufundisha kuhesabu, Makobola, mpaka mwaka wa tano. Mama yetu alipougua ulitolewa shuleni kabla ya mtihani, ukapelekwa kwenye moshi wa samaki. Miaka mingi baadaye mwalimu akahamia Uvira, akakukuta sokoni, na toka siku hiyo hakununua samaki bila kukutupia hesabu. "Mafungu kumi na saba, kila moja sita, ngapi?" Nawe ukajibu huku unafunga karatasi. Ukikosea aliondoka bila samaki, akarudi kesho yake na hesabu ile ile. Hivyo ndivyo ulivyosoma. Kwenye meza, umesimama, visigino vimepasuka.

Sasa ikawa kazi. Akina mama wa kwaya walikuja watatu, wakakaa, wakanywa chai yako, wakasema mtoto hamvui baba yake kofia mbele ya watu. Shemeji zako wakasema picha ukutani hailiwi. Na kaka yako Antoine, ambaye hakuwa na ruhusa ya kumfundisha mtu yeyote heshima, alipiga simu kutoka Kalemie.

"Ernestine, umuachie mwalimu."

"Nimuachie nini, kaka?"

"Ashinde. Muntu alikufundisha moja, mbili, tatu, utamupiga mbele ya bantu bote? Ni muzee. Tisa inatosha."

"Tisa haiko kumi."

"Ni heshima, mudogo wangu."

"Weye uliacha masomo mara tatu, kaka. Sasa unataka na minye niache?"

Alicheka, nawe ukacheka. Lakini kabla hujakata simu sauti yako ilishuka, ukasema, "Nitaona." Antoine aliisikia imeshuka, na akaridhika. Hilo ndilo analokiri leo mbele ya wanaosoma: aliridhika.

Jumamosi ile Aline aliweka simu karibu na televisheni ili mjomba wake asikie. Huko Kalemie watu watano walimzunguka, masikio pamoja. Herufi za kwanza, mwalimu mbele. Namba za kwanza, sawa kwa sawa. Herufi tena, ukamkaribia. Ikabaki hesabu ya mwisho, mwalimu yuko mbele kwa pointi mbili, na Toussaint akataja mia sita na kumi na nne.

Vibao vilikuwa sabini na tano, nane, sita, nne, mbili na moja. Wewe ulizidisha sabini na tano kwa nane, ukapata mia sita. Nne kwa mbili, nane. Na sita juu yake. Mia sita na kumi na nne, imekaa kama sufuria juu ya mafiga. Kibao cha namba moja kikabaki.

Waliokuwa uwanjani kwetu wanasema hapo viti vilisogea karibu na televisheni. Kwa sababu kila mtu aliona njia iliyofunguka. Ungeongeza ile moja tu, ungekuwa umekosea, mwalimu angebaki mbele, na hakuna ambaye angesema umemwachia. Wangecheka, wangesema, "Mama Matabishi, mkono wake tena!" Heshima ingebaki, jina lisingeharibika. Akina mama wa kwaya walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Mkono wako ukaenda. Ukakishika kile kibao. Ukakiinua.

Washindani hawaruhusiwi kusemezana. Lakini kwenye simu, katikati ya mikwaruzo, Antoine alisikia sauti ya mzee, kavu, ile ya darasani.

"Ernestine. Usinipe matabishi."

Toussaint akaruka. "Mwalimu, hakuna kusema!"

"Nanunua samaki kwake miaka kumi na tano. Ninaujua huo mkono."

Ukakaa na kibao hewani. Halafu ukakirudisha mezani, ukaweka mikono miwili juu ya mapaja kama mtoto wa shule, na kengele ikalia.

Mwalimu alikuwa na mia sita na kumi na tatu. Alitumia vibao vyote, akakosa kwa moja. Akasimama kabla ya matokeo kutangazwa, akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakaamka.

Toussaint akampelekea kipaza sauti. "Mwalimu, umeshindwa na mwanafunzi wako. Unasema nini?"

"Huyu alitoka darasani mwaka wa tano bila mtihani. Nilijiandikisha hapa nimuletee mtihani wake. Amepita." Akavua miwani, akaifuta. "Na kwa mtihani hakuna matabishi."

Huko Kalemie wale watu watano walimpiga Antoine mgongoni wakimpongeza kwa dada yake. Hakuweza kuwaambia alichokuwa amekuomba. Wiki ile mjukuu wako alizaliwa, mkamwita Victoire, na wiki ile ile Antoine alipanda boti ya kwanza kwenda kaskazini kuja kukuomba msamaha. Ulimwekea samaki. Alipokuuliza kama mkono ule ulikwenda kwa mazoea au kwa ajili ya maneno yake, uliendelea kupanga mafungu.

"Mukono ndiyo ulienda, kaka. Uulize mukono."

Hatujui mpaka leo. Tunachojua ni kwamba ulikirudisha.

Picha yako iko ukutani, ya nne, karibu na karani wa mahakama. Umevaa kitenge cha njano, macho yako hayako kwenye kamera. Toussaint anasema ulikuwa unasoma maandishi ya boksi lililokuwa nyuma ya mpiga picha. Sokoni ulirudi Jumatatu ile ile. Wanawake wenzako uliwafundisha hesabu kwa vizibo vya chupa saa za mchana wateja wakipungua, na wawili kati yao wamekwenda kucheza. Mmoja alifika mara nne. Alipoangushwa alikuja kulia juu ya kaburi lako, tukamwambia ungemuuliza kwanza alikosea hesabu gani.

Ugonjwa ulikuwa wa siku tisa. Hatutaki kuusimulia. Siku ya sita ulitaka karatasi, yoyote, Aline akakuletea ya dawa, ukaisoma mpaka chini.

Makobola, siku tunakuzika, mwalimu Habonimana alitembea na fimbo yake nyuma ya jeneza njia nzima, akakataa pikipiki. Hakutoa hotuba. Alisimama pale juu ya kaburi, na wa karibu wakamsikia akikuuliza, polepole, "Mafungu kumi na saba, kila moja sita?" Akangoja. Kisha akajibu mwenyewe, "Mia moja na mbili," akaondoka.

Meza sasa ni ya Aline. Anapanga tano tano, na wa sita juu. Wateja wako wazee wanahesabu kwanza, halafu wanaitikia kwa kichwa.

Wanaokukumbuka ni Cyprien mume wako, anayelinda ukuta wa mkaa. Watoto wako Aline, Bruno na Déborah. Mjukuu wako Victoire, ambaye anajua kuhesabu mpaka ishirini na anaendelea kubishana kuhusu kumi na nane. Kaka yako Antoine, aliyekushauri vibaya na ambaye safari hii ameamua kukaa Uvira. Wanawake wote wa upande wa samaki. Na mwalimu wako Habonimana, aliyekosa kwa moja, na ambaye ametuamuru tuandike hivyo hivyo, bila kumpunguzia.

Mwaka una siku mia tatu sitini na tano, Ernestine. Zote tutakukumbuka, na moja juu.