Wiki Niliyomwombea Shawna

Jumatano, 4 Machi

Leo nimeomba! Si kuomba kwa kusinziasinzia. Nimeomba mpaka vioo vya kanisa vimetikisika. Mimi Orbin Stidham, niliyelitoa lori la makaa bondeni likiwa zima huku natafuna mkate! Milima yote hii hakuna mvuta magari kama mimi, na leo wamejua hata kwa sala sibaki nyuma.

Ilikuwa hivi. Ndugu Hobart, mchungaji, aliuliza nani ana ombi. Kwetu mtu mwenye jambo la aibu huinua mkono akasema "lisilotajwa", basi, kanisa linaliombea bila kulijua. Glenna akanifinya paja — sema lisilotajwa, Orbin, ukae. Mke wangu ananijua. Lakini mimi na mambo ya nusunusu wapi na wapi! Nikasimama, nikalitaja lote. Binti yetu Shawna amerudia vidonge vya kulevya. Hatujamwona tangu Krismasi. Nasikia amejificha kwenye trela la bluu la kuishi watu kule juu, kijito cha Laurel. Nikamalizia kwa sauti ya honi: Bwana, mrudishe mwanangu, fanya lolote litakalohitajika!

Dada Verlie akageuka kutoka benchi la mbele. "Orbin, sala hiyo huombwa mtu akiwa amekaa. Ukisimama utaanguka."

Nikamwambia niangukie wapi, na nyuma nimejaliwa godoro! Kanisa likaangua kicheko. Hata Glenna, kidogo.

Nimekula maharage na mkate wa mahindi, sahani mbili. Kazi nimemwachia Mungu.

Alhamisi, 5 Machi

Siamini kwamba ni mimi naandika haya.

Asubuhi, mvua inapiga, ofisi ya sherifu wakanipigia: gari limeingia kijitoni Laurel, njoo na bredauni. Nikaenda. Napiga mluzi! Nikafunga mnyororo, nikawasha winchi. Gari likaanza kutoka kinyumenyume, tope na matawi. Mara naona kibandiko kwenye bampa. STIDHAM — TUNAVUTA CHOCHOTE. Kimekaa upande. Nilikibandika mwenyewe.

Gari la Shawna.

Nikaachia kila kitu. Nikaingia majini na buti zangu. Ndani hamna mtu. Hamna! Kiatu kimoja tu.

Darrell, naibu wa sherifu, anapiga kelele kutoka barabarani: yu hai, Orbin! Ambulensi imeshamchukua! Nikamfokea, mbona hukuniambia, mjinga wewe? Alidhani wenzake wameniambia kwenye simu. Kisha akawa anatazama chini.

Nikamuuliza mtoto alikuwa anakimbilia wapi na mvua hii.

"Hakuwa anakimbilia, Orbin. Alikuwa ananikimbia mimi."

"Wewe ulijuaje kama yuko huku?"

"Mama."

Darrell ni mtoto wa Dada Verlie. Na Dada Verlie ndiye kichwa cha mnyororo wa maombi. Mtu akitoa ombi, yeye humpigia simu mwenzake, mwenzake humpigia mwingine, mpaka bonde zima linaomba. Sasa alikuwa anapiga hizo simu zake Darrell akiwa mezani anakunywa chai. Akasikia "trela la bluu". Polisi walikuwa wanamtafuta Shawna kwa kesi ya hivyo vidonge toka mwezi wa kwanza. Darrell akaenda na king'ora.

Basi ndiyo hivyo. Mdomo wangu, kanisa, simu, meza ya Darrell, kijito. Nimemwombea mwanangu mpaka nimemtumbukiza majini!

Ijumaa, 6 Machi

Hospitali. Mguu umevunjika, mbavu pia. Mkono umefungwa pingu kitandani. Nikasema haya, hapo ndipo mwisho, hakuna tena cha kuharibika.

Daktari akaingia. Binti mdogo, sauti ya taratibu. Anauliza kama tumeambiwa habari za mtoto.

Mtoto gani?

Miezi saba!

Glenna alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu. Mimi ninayesikia injini ikikohoa ng'ambo ya kilima nikajua ugonjwa wake — sikujua nina mjukuu. Tena daktari anasema ajali imemtikisa, hawana uhakika naye.

Shawna akafumbua macho. Hakusalimia.

"Baba. Umeniombea, siyo?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Acha. Tafadhali. Kila ukiniombea mimi ndiye ninayevunjika."

Nimewahi kutukanwa na madereva wa kila aina. Wote niliwarudishia. Leo nimemvutia blanketi hadi mabegani tu.

Tumerudi nyumbani tukakuta kibaraza kimejaa. Paja la nguruwe la kuoka. Mabakuli ya viazi na jibini. Keki tatu! Chakula cha msiba. Mnyororo wa simu ulivyofika mwisho wa bonde, kwa maneno yao Shawna alikuwa ameshakufa. Mama mmoja alikuwa bado amesimama pale na bakuli lake, analia, anauliza tunataka maua ya rangi gani.

Nikamwambia ya rangi yoyote, mwenyewe atayachagua akipona. Alikaribia kuzirai.

Nimekula keki. Ilikuwa tamu. Nikalia juu yake.

Jumamosi, 7 Machi

Sijaomba leo. Hata mezani sikuomba. Glenna akauliza, umemnunia Mungu?

Nikamwambia sijamnunia, namwogopa. Mtu nimemwambia anirudishie mtoto, yeye kamgongesha!

Glenna anaosha vyombo, kanipa mgongo. "Miezi yote hii nalala sijui mwanangu kalala wapi. Sasa najua."

"Amefungwa pingu, Glenna!"

"Nimeziona. Nasema najua kalala wapi."

Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilishang'aa.

Nimempelekea Darrell lile paja la nguruwe. Mama yake anasema hali chakula tangu juzi. Nikamwambia kula wewe, marehemu amefufuka hana haja nalo. Akacheka, kisha akawa hacheki. Nikamshika bega. Ana miaka thelathini lakini nilimvuta kutoka mtaroni na gari lake la kwanza, huyu.

Jumapili, 8 Machi

Naandikia kwenye kiti cha hospitali.

Hatukwenda kanisani. Tulifika hapa mapema, Shawna amevimba uso, presha juu, meno yanagongana. Kuna mashine inasoma moyo wa mtoto. Inapiga, inalegea. Inapiga. Darrell ndiye analinda mlango leo, ameomba zamu mwenyewe.

Shawna akaniita nisogee.

"Baba, omba."

Nikadhani sikusikia. Nikamwambia si ulinikataza? Tena ulikuwa na haki. Mimi nikifungua mdomo vitu vinaanguka!

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, nikijidai naweza kubeba gari.

"Basi omba kidogo."

Nikavua kofia. Lile lisauti langu sikulipata. Likanijia neno la kazini, lile la kumwambia mtu wa winchi gari likining'inia. Nikasema: Bwana, ni mimi. Vuta polepole, kuna watu wawili ndani.

Basi. Amina sikuifikia. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu, wauguzi wakaingia mbio, mmoja ananisukuma kifuani, baba toka, toka! Darrell akafungua pingu bila kuambiwa. Kitanda kikapita mbele yangu. Nikaona vidole vyake tu.

Wako chumba cha upasuaji. Mlango umefungwa. Hakuna anayetuambia kitu.

Darrell amesimama na pingu tupu mkononi. Ananiuliza nilikuwa naomba nini mle ndani.

"Kidogo tu," nikamwambia.

Akasogeza kiti chake mbali kidogo. Kisha akakirudisha, karibu zaidi.

Nimemwambia Glenna, umeona? Umeona mwenyewe? Sisemi kitu tena na yule wa juu. Glenna amenishika mkono wa kushoto, huu wa kulia ananiachia niandike. Mkono wake una baridi.

Anasema, Orbin. Mwambie tena.

Nani mwingine nitamwambia?

Bwana, ni mimi tena. Yule wa vuta polepole.