Wifi Yako na Raga ya Utepe

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Wewe na wagonjwa wako wa wodini mnaendeleaje? Miguu je, bado inavimba ukisimama zamu nzima, au zile soksi za kubana zimesaidia? Sisi huku wazima. Kikohozi changu kimeniaga, ingawa kiliaga kama wale wageni wanaosimama mlangoni saa nzima wakisema wanaondoka. Mama naye hajambo, ila magoti yanamnung'unikia.

Barua yako niliisoma nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama ni kheri. Eti umesikia wifi yako, mwalimu wa hesabu, mtu wa miaka hamsini na minane, anafundisha watoto mieleka! Aliyekuambia alisikia nusu, nusu akamalizia mwenyewe. Ngoja nikueleze, maana nilikuwepo.

Mwalimu wa michezo alihamishwa mwezi wa pili. Vipindi vyake vikagawanywa, Mama akaangukiwa na darasa la nne. Siku ya kwanza aliwapa mpira, akakaa kivulini asahihishe madaftari. Alipoinua macho, mtoto mmoja alikuwa ameshika mdomo, damu inachuruzika. Jino la mbele limevunjika. Aliyemgonga ni msichana mwenye mwili mkubwa kuliko wote darasani, ambaye wenzake wanamwita Trekta. Hakukusudia. Aliukimbilia mpira akasahau kwamba njiani kuna watu.

Baba wa yule mtoto ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alifika shuleni na aproni yake ya ngozi, hata miwani ya kazi hajaivua. Mwalimu mkuu akakata shauri papo hapo: mpira marufuku, na Trekta asishiriki mchezo wowote mwaka mzima.

Mama alirudi nyumbani. Chakula alikionja kwa adabu tu. Mwishowe akaniambia, "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeinamia madaftari, adhabu kapewa mtoto wa watu."

Unamjua wifi yako. Akiamua jambo, hata ukuta humpisha. Jumamosi alipanda basi mpaka chuo cha ualimu, akamtafuta mkufunzi mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akarudi na karatasi mbili za kanuni. Akanisomea mezani kama anasoma wosia.

Mchezo ni raga, ile ya mpira wenye umbo la yai, ila hakuna kugusana. Kila mchezaji huvaa mkanda kiunoni, tepe mbili zinaning'inia ubavuni. Ukitaka kumzuia mwenye mpira, humkamati wala humsukumi. Unachomoa utepe wake, unauinua juu, unapaza sauti: "Utepe!" Yeye anampasia mwenzake aliye nyuma, nawe unamrudishia utepe wake mkononi. Mieleka iko wapi hapo, Shangazi?

Mwalimu mkuu alimpa wiki tatu, kisha aje aone mwenyewe pamoja na wazazi. Akiumia hata mmoja, mchezo umekufa. Mama akakubali, kwa sharti kwamba na Trekta awemo. Nasikia walivutana juu ya hilo mpaka kengele ikalia.

Mikanda nilishona mimi, ishirini na minne, kwa mapazia ya zamani ya ukumbi wa shule. Kwenye tepe nikatia kile kitambaa cha kunata, kama cha viatu vya watoto, kinachokwaruza ukikibandua. Za kwanza zilidondoka zenyewe. Za pili Mama alinivalisha ukumbini azijaribu, akavuta, nikafuata mimi na mkanda wangu mpaka ukutani. Za tatu ndizo zilizokubali.

Sasa sikia alivyofundisha. Wiki nzima ya kwanza, marufuku kukimbia. Wanatembea tu, wanapasiana kwa nyuma, wanachomoana tepe kwa mwendo wa kutembea. Watoto wakalalamika, "Mwalimu, hata bibi yangu anatupita!" Akawajibu, "Basi mlete bibi, nafasi ipo."

Na Trekta, Mama alibaki naye kila siku baada ya masomo. Mama alisimama mwenyewe katikati ya uwanja na magoti yake mabovu, akasema, "Nipite bila kunigusa." Yule mtoto alikuwa akifika hatua tatu mbele yake anasimama. Alikuwa anauogopa mwili wake mwenyewe. Mama hakuchoka. "Usiniangalie usoni. Niangalie kiuno, kiuno hakidanganyi." Siku ya nne akampita, upepo tu ndio uliomgusa Mama.

Siku ya wazazi ilikuwa juzi Ijumaa. Mimi nilikaa pembeni na sindano, tayari kwa mkanda utakaokatika. Yule fundi wa vyuma alisimama peke yake, mikono kifuani.

Mchezo ulikwenda vizuri, kelele za "Utepe! Utepe!" mpaka wapita njia wakasimama. Zikabaki dakika chache, timu mbili ziko sawa. Mwana wa fundi akapata mpira, akachomoka. Aliyebaki kumzuia ni Trekta peke yake. Alikimbia, Shangazi, sijui miguu ile aliificha wapi siku zote. Akaushika utepe. Akavuta. Utepe haukutoka! Mtoto akayumba, mguu mmoja hewani, nami nikafumba macho.

Nilipofumbua, Trekta alikuwa amesimama mikono mitupu. Aliuachia. Mwenzake alijiweka sawa, akakimbia, akaweka mpira nyuma ya mstari, likawa goli. Timu yake Trekta ikamzomea, "Ulikuwa nao mkononi!"

Mama akapuliza filimbi. "Kwa nini umeachia?"

"Ningevuta, Mwalimu, angeanguka."

Mama akainama ubavuni kwa yule mtoto. Tepe zote mbili zilikuwa zimefungwa kwenye mkanda, fundo juu ya fundo. Mtoto akaangalia chini, akasema, "Baba ndiye aliyenifunga, ili nisiguswe."

Nilidhani Mama atasema neno, na mdomo anao, unaujua. Alimtazama tu yule baba na kungoja.

Fundi akaingia uwanjani taratibu, akapiga goti kwenye nyasi, akaanza kufungua mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Vidole vile vinene vilihangaika. Nilitaka kumpelekea mkasi, Mama akanionyesha kwa jicho nikae. Alipomaliza akamgeukia Trekta, bado yuko magotini, wakawa kimo kimoja. "Mwanangu," akasema, "ahsante."

Goli lilifutwa. Mwalimu mkuu aliondoka bila hotuba, ila jana Mama kaletewa ratiba mpya: raga ya utepe, darasa la tatu mpaka la sita, na nahodha wa darasa la nne ni Trekta.

Mimi nimekaa na Mama miaka yote hii nikidhani namjua. Kumbe nilikuwa namjua wa jikoni tu.

Nisalimie wanao wote wawili, na yule jirani yako mkunga. Mjomba dereva anakusalimu, na Mama anasema uandike upesi, wifi ni wifi hata bahari ikiwa katikati. Mola akupe nguvu za miguu na wepesi wa kazi.

Wako nikupendaye tangu ulipokuwa ukinisuka nywele,
Binti wa kaka yako, fundi cherehani.