Barafu ya Mirihi Kwenye Kiti cha Nyuma

Uko hapo? Usinipigie, sauti haitoki. Soma tu.

Nusura nimuue mama mkwe. Sitanii. Kwa somo langu la sayansi!

Unakumbuka ile barafu kavu niliyowaahidi wanafunzi wangu? Leo nimeichukua kiwandani, boksi zima, nikaiweka kiti cha nyuma. Nikampitia mama mkwe kliniki. Mvua inanyesha, vioo vyote nimefunga.

Akauliza ni nini kile kinachofuka moshi. Unanijua mimi nikipata msikilizaji. Nikamwambia kwenye ncha za sayari ya Mirihi kuna barafu ya maji kama yetu, lakini juu yake imelala nyingine kama hii. Ni hewa ile ile tunayoitoa puani, imeganda kwa baridi. Ikipata joto haiachi hata tone, inarudi kuwa hewa.

Akauliza, "Na hiyo hewa inakwenda wapi, mwanangu?"

Nikacheka. Jamani, NILICHEKA. Nikamjibu, "Inapotea tu, mama."

Inapotea tu!

Akanyamaza. Nikadhani nimemchosha, nikaendelea kufundisha. Mara kichwa kikaanza kunigonga. Kumtazama, ameegemea kioo, anahema kama aliyekimbizwa, macho hayanioni. Nikasimamisha gari, nikamburuta nje mvuani.

Sasa tuko hospitali. Amezinduka, daktari anasema hewa ile ilijaa garini, lakini atapona. Nimekaa kando ya kitanda, mkono wangu ameushika, hataki niondoke.

Lakini kila nikiinama kumsemesha, pumzi yangu ikimfikia, anageuza uso.