Mugeni wa Kiti cha Ufaransa

Mama Mado,

Sombe ya majani ya muhogo iko ku moto, usiache ikauke. ~~Upanguse kiti.~~ Hapana, usikiguse kile kiti cha Ufaransa. Mume wangu Isidore na ugonjwa wake wa kukusanya vitu vya wazungu waliohama!

Asubuhi nilikuwa ninapangusa miguu ya dhahabu ya kile kiti, nikasikia "hodi" mulangoni. Nikajibu "karibu" mbele ya kuangalia nani. Hakuna muntu aliingia, lakini muto wa kiti ulididimia polepole, kama umekaliwa.

Mimi njo nilimukaribisha, mimi njo ninamusindikiza mpaka kwao. Nimemuambia twende, muto umeinuka.

Njiani tutaongea, atashika sauti yangu mpaka ajue kuiiga. Kwa hiyo nikirudi sitapiga hodi. Mukinisikia ninabisha mulangoni, munyamaze wote.

Bibi yenu