Minyaa Niliyoipanda kwa Mkono Wangu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, na leo afadhali, maana nimekukasirikia.

Unakumbuka uliponichukua kwenda kwenye mpaka wa shamba letu, nikiwa darasa la pili? Ulikuwa diwani, shamba lako likianzia barabarani hadi mtoni, na watu wa Keza walikuvulia kofia. Nilijiona binti wa mfalme. Ulichimba vishimo, ukanipa vipande vya minyaa, ile miti ya kuwekea mpaka, nipande kimoja kimoja. "Pakumbuke vizuri hapa," ukasema. "Siku moja watakuuliza."

Wameniuliza, Baba. Juzi, kwenye baraza la ardhi la kata, jirani yetu Mama Veneranda alidai kipande cha chini cha shamba letu, kando ya mto, kilikuwa cha marehemu mumewe. Kaka Deo akanisimamisha niwe shahidi wetu. Nikaapa kwamba mpaka ule naujua, niliupanda mwenyewe. Nilisema kwa majivuno, kama wewe jukwaani.

Yule mama hakukasirika. Akaniuliza polepole, "Ni kweli ulipanda, mwanangu. Nilikuona. Na lile jicho, lilipona?"

Hapo nikakumbuka. Siku ile ile, kabla ya kupanda, ulinipa minyaa mingine niitupe mtoni. Ulisema imekufa. Utomvu wake ukaniingia jichoni, nikalia mpaka Mama Veneranda akaja mbio na maziwa ya ng'ombe kuniosha, kitambaa cha msiba bado kichwani. Hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu amzike mumewe. Wewe ulitugeuzia mgongo, ukaendelea kuchimba.

Minyaa iliyokufa haitoi utomvu, Baba. Ile niliyoitupa ndiyo iliyokuwa mpaka wake.

Ulikuwa na vibarua tele. Ulinichagua mimi kwa sababu ulijua nitaapa bila kujua nadanganya. Miaka yote hii niliitunza siku ile kama siku uliyonipenda kuliko zote, kumbe ulikuwa unaandaa shahidi. Hilo linaniuma kuliko shamba.

Jumatatu baraza linakaa tena. Kaka Deo ameniambia, "Ukibadili maneno, kwangu usikanyage." Nimelia, maana ndiye niliyebaki naye. Lakini nitakwenda, nami nitaanza na jicho.

Pumzika, kama unaweza. Uliniambia nikumbuke vizuri, na nimekumbuka yote.

Ni mimi binti yako,
shahidi uliyempanda mwenyewe.